Kijiji kisichouza mchele

Katika milima ya kusini magharibi mwa Java, kisiwa cha Indonesia, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kipo kijiji cha wakulima ambacho kwa mila yake mchele hauuzwi. Hauuzwi kwa jirani, hauuzwi kwa mchuuzi anayepanda na gari lake kutoka pwani, wala hauuzwi pale nyumba inapobanwa na ada ya shule au matibabu ya mgonjwa. Unapikwa, unagawiwa, unakopeshwa, na mgeni analishwa hadi ashibe. Lakini kuupima ili utiwe bei ni mwiko. Kijiji hicho kinaitwa Ciptagelar. Nimeona niandike juu yake kwa sababu wengi wanaokitaja hukisifu kama kitu cha makumbusho, mahali pa kupigia picha paa za nyuzi nyeusi na akina mama wanaotwanga, ilhali mimi naamini kwamba ule mwiko wao ni uamuzi wa kiuchumi uliofikiriwa kwa kina, na kwamba sisi tunaokula mpunga pande hizi za Bahari ya Hindi tuna sababu ya kuuchunguza.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, yalipohamia Gelar Alam, Ciptagelar ilikuwa makao makuu ya mojawapo ya jumuiya za Wasunda ziitwazo Kasepuhan, jina lililojengwa juu ya neno sepuh, yaani mzee. Kiserikali kijiji kimo katika wilaya ya Sukabumi, mkoa wa Java Magharibi, kwenye miteremko ya mlima Halimun, na neno halimun kwa Kisunda maana yake ni ukungu. Mji wa pwani ulio karibu ni Pelabuhan Ratu, unaotazama bahari hii hii inayopiga kuta za Kilwa na Lamu. Kwa hesabu ya wenyewe jumuiya yao ilianza mwaka 1368, na tangu hapo makao makuu yamehama mara nyingi, kwani kiongozi anapopokea agizo la wahenga huyahamisha na watu wakamfuata. Hama ya kuja Ciptagelar, kutoka Ciptarasa, ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Abah Anom, na alipofariki mwaka 2007 uongozi ulimwangukia mwanawe, Abah Ugi, angali kijana. Abah ni baba. Watu wa kijiji ni Waislamu, nao hushikilia pamoja na dini yao heshima kubwa kwa mpunga, ambao kwao ni kiumbe mwenye utu, bibi anayeitwa Nyi Pohaci.

Kilichonivuta kwanza ni nyota. Wazee wetu wa pwani walikuwa na kundi la nyota waliloliita Kilimia, jina lililotokana na kulima, na usemi wao haujasahaulika: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu wa Ciptagelar hulitazama kundi hilo hilo. Wao huliita Kerti, na pamoja nalo hutazama kundi la pili, lile lenye nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, ambalo huliita Kidang, yaani paa, yule mnyama wa porini. Kanuni yao husema kwamba Kerti ikichomoza ni wakati wa chuma, maana yake majembe na mapanga yatolewe, yanolewe na kutiwa mipini. Kidang ikichomoza, zana zishuke shambani. Kisha huja sehemu ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya nisimame: Kidang ikishapita, kungkang hushuka. Kungkang ni mdudu mwenye harufu kali anayefyonza maziwa ya punje changa za mpunga, na mtu aliyechelewa kupanda ataukuta mpunga wake unaanza kujaza punje wakati mdudu huyo amekwisha kuenea bondeni.

Ndiyo maana hakuna anayepanda kwa ratiba yake mwenyewe. Siku ya kuatika mbegu hutangazwa baada ya wazee kukubaliana, na bonde zima huenda pamoja, kuanzia mashamba ya mlimani, ambako wanaume hutangulia wakitoboa ardhi kwa mti uliochongwa na wanawake hufuata wakidondosha mbegu, hadi majaruba ya maji yaliyo chini. Mpunga ukishavunwa kote, ardhi hupumzishwa. Mdudu aliyenenepa wakati wa mavuno hujikuta hana chakula kwa miezi kadhaa, akafa au akahama, na kazi ambayo kwingine hufanywa na sumu ya madukani hapa hufanywa na subira ya watu waliokubaliana. Wenyewe hulieleza jambo hili kwa lugha nyingine: ardhi ni mama, mbingu ni baba, na mama hazai mara mbili kwa mwaka. Mimi sioni mgongano wowote kati ya maelezo hayo mawili.

Ili mtu auone uzito wa msimamo huo, hana budi kukumbuka yaliyokuwa yakitendeka nje ya milima ile. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Indonesia iliwahimiza wakulima, kupitia mpango ulioitwa Bimas, wapande mbegu mpya fupi zinazokomaa haraka, kama ile IR8 iliyotolewa mwaka 1966 na taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, pamoja na mbolea na sumu za viwandani, na walime misimu miwili au mitatu kwa mwaka. Mavuno yaliongezeka sana, na itakuwa dhuluma kulikanusha hilo, maana watu wengi walishiba kwa sababu yake. Mwaka 1984 nchi ilitangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele, na mwaka uliofuata Rais Suharto alitunukiwa heshima na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Lakini katika mashamba ambayo hayakupumzika, mdudu wa kahawia anayeitwa wereng aliteketeza mpunga katika miaka ya 1970 na akarudi tena katikati ya miaka ya 1980. Ikagundulika kwamba sumu zenyewe zilikuwa zikiwaua buibui na wadudu wengine wanaomla, hata mwaka 1986 rais akapiga marufuku aina 57 za sumu zisitumike kwenye mpunga. Haukupita muda mrefu kabla nchi haijarudi kununua mchele kutoka nje.

Ciptagelar walibaki na mbegu zao, na aina wanazozitunza zinapita mia moja. Kulikuwa pia na sababu ya kazi yenyewe, kwani mpunga wao ni mrefu, hukatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo kiitwacho etem, ambacho hukaa ndani ya kiganja, kisha masuke hufungwa mafungu na kuanikwa kwenye vichanja vya mianzi. Mbegu fupi hazifungiki namna hiyo. Mafungu yakishakauka hubebwa hadi kwenye leuit, ghala dogo lililoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyuzi za aren, mti wa jamii ya mnazi, na humo mpunga hukaa ungali kwenye masuke yake, salama kwa miaka mingi. Kila nyumba ina ghala lake, na zenye uwezo zina zaidi ya moja. Katikati ya kijiji limesimama ghala la wote, Leuit Si Jimat, ambalo kila familia hupeleka sehemu ya mavuno yake, na aliyeishiwa huenda kukopa humo, akarudisha atakapovuna.

Mwisho wa mwaka wa kilimo hufanyika Seren Taun, sherehe ya kuuweka mpunga ghalani. Wanaume huja na miti ya mianzi mabegani, mafungu ya mpunga yakining'inia kila upande, na kamba zinaposugua mianzi hutoka mlio mkubwa unaopanda na kushuka kwa hatua za wabebaji. Ngoma hiyo ya mzigo huitwa rengkong. Mpunga unaingia nyumbani kwake kwa shangwe, kama bibi harusi, na umati uliopanda kutoka miji ya mbali hulishwa kutoka jikoni kwa Imah Gede, nyumba kubwa ya kiongozi.

Nimekulia katika bonde la Rufiji, katika nyumba ya wakulima wa mpunga, na nawaandikia watu wanaojua dungu ni nini: kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mtu hukesha akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Bibi yangu alikesha dunguni miaka mingi. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba mpunga wake mara nyingi ulikuwa umekwisha kuuzwa ungali shambani, kwa mlanguzi aliyeleta fedha mwezi ule ambao nyumbani hapakuwa na kitu, kwa bei aliyoipanga yeye na kwa gunia la lumbesa. Miezi michache baadaye tulikuwa dukani tukinunua mchele kwa kilo, kwa bei ambayo hakuna mkulima aliyelipwa, na kwa yote tuwezayo kujua ulikuwa ni mchele wa bondeni kwetu. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kukataza kuuza mchele ni kumnyima mkulima kipato, namkumbuka bibi, na najiuliza ni kipato gani hicho alichokuwa anakipata. Mwiko wa Ciptagelar unamkinga mtu katika wiki ile anapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Mlanguzi akija na fedha mkononi, mwenye nyumba hahitaji kuwa jasiri wala mjanja wa kujadili bei. Ana jibu moja ambalo wazazi na majirani zake wote wanalo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwiko huo haukufunga mlango wa fedha. Mboga zinauzwa, sukari ya aren inauzwa, vijana huenda kutafuta kazi za mijini na kurudi. Katazo limewekwa kwenye zao moja tu, lile ambalo likikosekana watu hufa, na yaliyobaki yameachiwa soko. Naiona hekima kubwa katika kuchora mstari mahali hapo hasa. Wala watu hawa hawakimbii mambo mapya: wana umeme unaozalishwa na mitambo midogo inayosukumwa na maji ya mito yao, wana redio yao na kituo chao cha televisheni, CIGA TV, na Abah Ugi anajulikana kwa kupenda mitambo ya elektroniki. Kipya kinapofika hupimwa kwanza kama kinagusa mpunga. Simu haigusi, ikapita. Trekta na mashine ya kukoboa vinagusa, vikazuiwa.

Hapo kwenye mashine ya kukoboa nina jambo linalonisumbua, na sitalificha. Mchele wa Ciptagelar hutwangwa kwa kinu na mchi, na wanaotwanga ni wanawake. Kinu chao ni gogo refu lililochongwa, ambalo wanawake kadhaa hulizunguka na kuitikiana kwa mapigo, na watazamaji huyasifia mapigo hayo kuwa muziki, nayo kweli ni muziki. Lakini mtu aliyewahi kutwanga kwa ajili ya familia nzima anajua mabega yanavyouma usiku, na katika nchi zetu hakuna mwanamke niliyemsikia akiulilia mchi baada ya mashine kufika. Wapo wanaosema kwamba kukoboa kwa mashine kungeukata uhusiano wa mtu na mpunga wake, na kwamba mchi humfanya kila mmoja achukue kiasi anachohitaji tu. Nawaelewa. Hata hivyo, nadhani uzito wa katazo hilo umeangukia upande mmoja wa nyumba, na iwapo siku moja wanawake wa Ciptagelar watataka lilegezwe, sauti yao inapaswa kuwa ya kwanza kusikilizwa. Katazo la kuuza linaweza kusimama bila katazo la kukoboa. Ni miko miwili, ingawa imelala ghala moja.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo katika simu wala mashine. Imo katika ardhi. Kwa mila yao msitu umegawanyika mara tatu: upo ulioachwa mzima bila kuguswa, upo uliowekwa amana kwa ajili ya vizazi, usiofunguliwa mpaka lije agizo la wahenga, na upo unaoruhusiwa kulimwa. Serikali nayo ina mgawanyo wake. Mwaka 1992 ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Halimun, na mwaka 2003 ikaipanua hadi kuuingiza mlima Salak, ikafika zaidi ya hekta 113,000. Sehemu kubwa ya maeneo ambayo jumuiya za Kasepuhan huyahesabu kuwa yao ikawa ndani ya mipaka hiyo, na mkulima aliyerithi shamba la babu yake akaweza kuitwa mvamizi.

Mnamo Mei 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia, katika shauri lililofunguliwa na muungano wa jamii za wenyeji uitwao AMAN pamoja na jumuiya mbili, moja ikiwa ya Kasepuhan, iliamua kwamba msitu wa kimila si msitu wa serikali. Mwishoni mwa mwaka 2016 Rais Joko Widodo alikabidhi hati za kwanza za misitu hiyo, na miongoni mwa waliopokea walikuwa ndugu zao wa Kasepuhan Karang, wilaya ya Lebak, waliopewa hekta 462. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, na naona hakuna sababu ya haki inayoweza kuifanya iishie kwa wachache. Kila jumuiya ya Kasepuhan inastahili hati ya namna hiyo, yenye ramani inayofuata mipaka wanayoijua wenyewe, na msitu wa amana ukiwa ndani yake pamoja na chemchemi zinazoteremka hadi kwenye majaruba ya watu wa tambarare, ambao huenda hawajapata kulisikia hata jina la Ciptagelar.