Ukitaka taa ziwake, zima

Nina Peugeot 504 ya marehemu baba, chuma ileile iliyobeba Safari Rally 1975 na 1978, injini bado inaita lakini taa zake usiku unawasha halafu inabidi ushuke ukahakikishe kweli zimewaka. Na shida wala siyo bulbu. Umeme wote wa taa kubwa unatoka betri, unazunguka mpaka swichi ya kwenye stelingi ndo unarudi mbele, kwa vinyaya vya enzi za Mwalimu. Ukipima na mita betri inasoma volti 12.6, kwenye soketi ya taa 10.4, zingine zimeliwa njiani kama fedha za mradi.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi ndogo inayoamrishwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Moja ya dimu (mwanga wa chini), moja ya fuli (mwanga wa juu), waya mnene toka betri, kila moja na fyuzi yake ya ampea 15, swichi ya zamani inabaki kuamrisha tu.

Nikamwita kijana mmoja fundi umeme hapo mtaani, na kwa kubana nyaya na tepu mashallah, unasema huyu kasomea. Sasa rilei alizoleta zina miguu mitano: 30, 85, 86, 87 na 87a. 87 inatoa umeme rilei ikivuta, yaani ukiwasha swichi, 87a inatoa rilei ikiwa imelala, yaani swichi ikiwa imezimwa. Yeye dimu kaipiga 87a.

Kurudisha terminali ya betri, taa paa! Mwanga mpaka ukutani kwa jirani, fundi kajishika kiuno anajiona injinia, na hakuna aliyeuliza mbona swichi haijaguswa.

Jioni ileile tukatoka Tanga na mama watoto, tunawahi harusi Muheza. Giza likaingia, nikawasha taa, zikazima. Nikazima, zikawaka. Mama watoto akanitazama, hakusema kitu. Nikapiga fuli, ikawaka fuli na dimu kwa pamoja, basi la mbele likatupigia honi ya matusi. Nikasema potelea mbali, naendesha hivyohivyo swichi ikiwa imezimwa.

Mbele trafiki huyu hapa.

"Mzee, nyuma huna taa kabisa. Washa."

Nikawasha. Za nyuma zikawaka, za mbele zikafa. Akazunguka.

"Nimesema washa, sijasema zima."

"Afande, nimewasha."

"Mbona zimezima?"

"Si kwa sababu nimewasha."

Akainama dirishani, akanusa taratibu kama mara mbili hivi, akamgeukia mke wangu. "Mama, mzee kanywa?"

"Bora angekuwa kanywa," akajibu.

Nikampigia fundi, nikaweka spika. Eti, "Kaka, 87 na 87a si baba mmoja mama mmoja?" Afande akaguna, akasema fungua boneti. Akanimulikia na tochi yake mwenyewe, nikachomoa waya kwenye mguu wa katikati nikauchomeka 87, nikarudi kwenye swichi. Nikawasha, zikawaka. Nikazima, zikazima. Nikarudia tena kwa raha tu.

Kumbe fundi muda wote hajakata simu. "Zimewaka eeh? Basi kaka nirushie na ile hela iliyobaki."

Aliyemjibu ni afande, na jibu lenyewe hapa siliandiki.