Chai ilishuka bei, na bado waliimwaga

Ukiuliza kwa nini makoloni 13 ya Amerika ya Kaskazini yalijitenga na Mfalme George wa Tatu wa Uingereza na kuwa Marekani, utajibiwa papo hapo: kodi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linashindwa kueleza tukio lile lile linalotajwa kila siku kuwa ushahidi wake.

Sheria ya Chai ya 1773 ilishusha bei ya chai. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliruhusiwa kupeleka mzigo Amerika moja kwa moja bila kuupitisha kwenye mnada wa London, na ikarudishiwa ushuru uliokuwa ukitozwa Uingereza. Ukabaki ushuru mmoja wa peni 3 kwa ratili, unaolipwa mzigo ukifika. Chai halali ikaweza kushindana na ya magendo iliyotoka Uholanzi. Na bado, usiku wa 16 Desemba 1773, watu wa Boston, bandari ya koloni la Massachusetts, walipasua makasha 342 ya chai hiyo wakaimwaga yote majini. Anayelilia ughali wa maisha hamwagi chai iliyoshuka bei. Swali lenye maana ni jingine: zile peni 3 zilikuwa zikienda wapi?

Zilikuwa zikienda kwenye mishahara. Sheria ya mapato ya 1767, iliyoletwa na waziri wa fedha Charles Townshend, iliweka ushuru kwenye vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, na ikasema wazi kuwa fedha hizo zitagharimia mahakama na serikali katika makoloni. Mwaka 1770 ushuru wa vitu vingine ulifutwa. Wa chai ukabakizwa.

Ili uone kwa nini hilo liliuma, tazama gavana alivyokuwa akiishi kabla ya hapo. Huko Massachusetts gavana aliteuliwa na mfalme, lakini mshahara wake ulipigiwa kura na baraza la wawakilishi la koloni, mwaka hadi mwaka. Gavana William Burnet alifika 1728 na maagizo ya London kwamba apewe mshahara wa kudumu. Baraza likakataa, wakavutana naye hadi akafariki 1729 bila kuupata. Haukuwa ubahili, kwani lilikuwa tayari kumpa fedha za kutosha, mradi azipokee kama posho ya mwaka huo tu. Mkono mtupu haulambwi, na gavana aliyejua kuwa mwakani atarudi kuomba alilazimika kuwasikiliza wenye mfuko.

Kwa majaji jambo lilikuwa zito zaidi. Uingereza kwenyewe, tangu sheria ya 1701, mfalme hakuweza kumfukuza jaji kwa kuchukizwa na hukumu yake. Katika makoloni jaji alikaa kwenye kiti kwa muda ambao mfalme ameridhika naye. Breki pekee ilikuwa kwamba mshahara wake ulitoka kwa wananchi. Mwaka 1772 ikajulikana kwamba gavana wa Massachusetts na majaji wa mahakama ya juu watalipwa na serikali ya mfalme. Sasa aliyeweza kumfukuza jaji ndiye pia aliyemlisha. Mfanyabiashara wa Boston mwenye kesi dhidi ya forodha angesimama mbele ya mtu ambaye ugali wake unatoka kwenye forodha hiyo hiyo. Kwangu mimi, hapa ndipo ulipo mzizi wa mapinduzi yale, na inanisikitisha kuona vitabu vingi vya shule vikiupita kwa sentensi moja.

Majaji wanne wakaukataa mshahara wa mfalme. Jaji Mkuu Peter Oliver akaupokea. Mwanzoni mwa 1774 baraza likamfungulia mashtaka ya kumwondoa, gavana akagoma kuyashughulikia, na raia walioitwa kuketi kwenye jopo la juri wakakataa kula kiapo chini ya Oliver.

Mtego wa Boston nao unaeleweka ukizijua taratibu za bandari. Meli Dartmouth iliingia 28 Novemba. Kisheria ushuru ulipaswa kulipwa ndani ya siku 20, la sivyo forodha inakamata mzigo na kuuuza. Wananchi walitaka meli irudi London na chai yake. Forodha ikakataa kutoa kibali kwa meli ambayo haijashusha mzigo, na Gavana Thomas Hutchinson, ambaye wanawe wawili walikuwa miongoni mwa mawakala wa chai hiyo, akakataa kuiruhusu itoke bila kibali. Kwenye lango la bandari kulikuwa na ngome yenye mizinga. Tarehe 16 ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho. Philadelphia na New York meli zilizobeba chai ya kampuni zilirudishwa nayo, kwa hiyo ukaidi wa gavana una sehemu yake kubwa katika yaliyotokea.

London ikajibu mwaka 1774 kwa kufunga bandari ya Boston na kuubadilisha mfumo wa serikali ya Massachusetts uliokuwepo kwa hati ya mfalme ya 1691.

Wengi hushangaa kwamba Azimio la Uhuru la 4 Julai 1776 linamshtaki mfalme, ilhali kodi zilipitishwa na Bunge. Neno Bunge halimo kabisa. Sababu ni ya kisheria. Kufikia 1774 viongozi wa makoloni kama John Adams, James Wilson na Thomas Jefferson walishasema kwamba Bunge la London halina mamlaka juu yao, na kwamba kinachowafunga na Uingereza ni utii kwa mfalme peke yake. Ukishika hoja hiyo, kamba iliyobaki ya kukata ni moja. Soma mashtaka 27 yaliyomo kwenye Azimio kwa mpangilio wake: la kwanza ni mfalme kukataa kuidhinisha sheria zao, la 9 ni majaji, na kodi bila ridhaa ni la 17.

Umbali ulizidisha kila kosa. Meli ilichukua wiki sita hadi nane, na zaidi upepo ukigoma. Sheria iliyotungwa katika koloni la Virginia iliweza kusubiri idhini London miaka. Julai 1775, damu ikiwa imeshamwagika, bado walimwandikia mfalme ombi la amani. Yeye akawatangaza waasi 23 Agosti na hakulipokea ombi lenyewe. Habari zilifika Philadelphia, walikokutana wajumbe wa makoloni, Novemba. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hii ilikuwa mbali na bado ilimkataza aliye karibu kuokota yake.

Sitaki kuwapamba walowezi hawa. Tangazo la mfalme la Oktoba 1763 liliwazuia kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, na wengi waliitamani ardhi hiyo. Karibu mtu mmoja kati ya watano katika makoloni alikuwa mtumwa. Gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alipoahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake, Novemba 1775, wamiliki wengi waliokuwa wakisitasita walihamia upande wa uasi, na shtaka la 27 linalalamikia uchochezi wa namna hiyo. Huu ulikuwa uhuru wa walowezi. Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipotangaza wa kwake 11 Novemba 1965 aliiga mtindo wa Azimio hili hili, na Desemba hiyo Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kumzuia.

Lakini anayedhani suala la mishahara lilikuwa kisingizio, na aangalie walichoandika walipopata madaraka. Katiba ya Massachusetts ya 1780 inataka majaji wakae kazini maadamu mwenendo wao ni mwema, na mishahara yao iwekwe na sheria ya kudumu. Katiba ya Marekani ya 1787 inakataza kumpunguzia jaji malipo akiwa kazini. Rais naye, malipo yake hayawezi kuongezwa wala kupunguzwa katika kipindi alichochaguliwa.