Unga wa mwarobaini, shubiri, na DNA ya kloroplasti

Mti ukiwa umesimama, mtu wa Malindi hana haja ya maabara. Mwarobaini kamili, ambao wengi hapa huuita mkilifi, vijani vyake hujipanga pande mbili za kikonyo kimoja, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Jamaa yake, mwarobaini nusu, kikonyo chake huzaa vikonyo vingine, jani likagawanyika mara mbili. Hata mtoto akitumwa kuchuma huona tofauti, na ni vyema aione, maana matunda ya mwarobaini nusu yana sumu. Taabu huja majani yakishakaushwa, yakatwangwa na kutiwa koponi. Hapo wewe, mimi na mganga mwenye miaka arubaini kazini tumekuwa sawa.

Ndipo wanasayansi wa mimea wanaposema: tusome jenomu za kloroplasti, yaani DNA yake yote, tuzilinganishe. Kloroplasti, sehemu ya seli ambamo mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ina DNA yake yenyewe mbali na ile ya kiini cha seli. Kwa mimea mingi ni herufi kati ya 120,000 na 160,000 tu, na seli moja ya jani hubeba nakala nyingi mno, kwa hiyo hata sampuli ndogo hutoa ya kutosha. Za kwanza kusomwa zima zima zilikamilika mwaka 1986, mojawapo ikiwa ya tumbaku. Mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kutumia vipande viwili, rbcL na matK, kama kitambulisho cha mimea. Vipande hivyo hutenganisha ukoo na ukoo vizuri, ila spishi ndugu mara nyingi huvishinda. Ukisoma jenomu nzima, unapata sehemu nyingi zaidi za kulinganisha.

Wanaoisifu njia hii hawatishi watu bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, mmea wa Kichina uliokuwa ukiwekwa katika dawa za kupunguza unene, Stephania, ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Watu zaidi ya mia moja waliharibikiwa na figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Majina ya kibiashara ya mimea hiyo miwili yalikaribiana, na ikishakatwakatwa huwezi kuitambua kwa macho.

Lakini DNA hujibu swali moja tu: huu ni mmea gani? Haikwambii majani yalivunwa lini, yana nguvu kiasi gani, wala kama ndani ya unga kuna vidonge vya hospitali vilivyosagwa ili mgonjwa apate nafuu ya haraka. Dawa iliyochemshwa sana, DNA yake huwa imekatikakatika, na magome yenye tanini nyingi, zile kemikali zinazokausha mdomo, huzuia kipimo. Mkemia atabaki na kazi yake.

Kwangu mimi, mtihani wenyewe ni shubiri. Spishi zake ni nyingi na hufanana, moja hata imepewa jina la Kilifi, Aloe kilifiensis. Biashara ya kimataifa ya shubiri zote isipokuwa Aloe vera inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo afisa wa bandarini akishika utomvu mkavu anahitaji kujua umetoka kwa ipi. Hapa jenomu nzima ndiyo ingefaa, na hapa hapa ndipo inapoweza kudanganya. Kwa mimea mingi ya maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama peke yake, na shubiri huchanganya damu kwa urahisi. Chotara ataonekana ni wa ukoo wa mama mtupu, na baba hatajulikana, labda usome na DNA ya kiini.

Halafu kuna suala la mwenye mali. Mwarobaini wenyewe ulishaleta kesi: hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi) ya Ulaya ya mwaka 1994, juu ya mafuta yake kama dawa ya kuua kuvu, ilifutwa mwaka 2000 na rufaa ikatupwa 2005, kwa kuwa Wahindi walikuwa wakiyatumia zamani. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Hata hivyo, herufi za DNA zikishawekwa kwenye hifadhidata ya wazi, mzee wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, aliyeonyesha mmea hana namna ya kujua nani amezichukua wala kwa kazi gani.

Kwa hiyo, kwa unga wa mwarobaini sioni sababu ya jenomu nzima. Kamili na nusu ni jenasi mbili tofauti, yaani makundi mawili ya spishi, kipande kifupi kinawatenganisha. Fedha za jenomu nzima ziende kwenye shubiri na spishi nyingine zinazosumbua, pamoja na DNA ya kiini. Na kila sampuli itakayotoka msitu wa Arabuko-Sokoke au kwenye kaya iwe na tawi lake lililokaushwa, lenye jina la mahali na la aliyelitambua, nakala moja ikae Nairobi na nyingine ibaki huku, tuseme kituo cha utafiti wa misitu cha Gede, ambako mganga wa Malindi anaweza kufika kwa matatu akasema, "Hapana, hii siyo."