Jiko la Mlimani Lichaguliwe kwa Mafuta Yake

Kila unapokaribia msimu wa kiangazi wa Januari na Februari, ambao kwetu ndio wakati mwafaka wa kupanda Mlima Kenya, marafiki hunijia na swali moja: wanunue jiko gani la kubeba mgongoni? Mara nyingi wameshakariri majina ya kampuni na dakika ambazo kila jiko linachukua kuchemsha lita moja ya maji. Mimi huwauliza kwanza watanunua mafuta yao wapi, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba jiko huchaguliwa kwa kuangalia kile kinachouzwa katika mji wa mwisho kabla ya lango la hifadhi, na mengine yote hufuata baadaye.

Chukua mfano wa njia ya Sirimon ya kupanda Mlima Kenya, ambayo nimeipita mara kadhaa. Mji wa mwisho wa maana ni Nanyuki. Hapo utapata petroli na dizeli saa yoyote, utapata mtungi wa meko wa kilo sita ambao hakuna mwenye akili atakayeubeba mgongoni hadi kwenye baridi ya juu, na utapata mafuta ya taa ukiwa tayari kuzunguka kidogo. Nasema kuzunguka kwa sababu tangu mwaka 2018, serikali ya Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta, bidhaa hii imepungua sana vituoni. Ile mikebe midogo ya gesi ya kusokota, ambayo Ulaya huuzwa katika kila duka la michezo, hapa iko katika maduka machache ya Nairobi, na anayetoka ng'ambo hawezi kuja nayo kwa sababu ndege haziruhusu kabisa kubeba gesi hiyo. Katika mazingira kama haya, jiko linalokubali mafuta ya aina zaidi ya moja ndilo linalokuhakikishia chai ya moto jioni.

Watu wengi husema gesi haifai mlimani kwa sababu ya baridi, na hapo ningependa kuwa mwadilifu. Ni kweli kwamba gesi ya butani pekee huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia sifuri, lakini mikebe mizuri huchanganywa na isobutani na propani, ambayo huendelea kutoa mvuke hata kwenye baridi kali, na kupungua kwa kanieneo ya hewa kule juu huisaidia kidogo badala ya kuizuia. Kinachoiangusha gesi kwetu ni upatikanaji wake, pamoja na mikebe mitupu ambayo haijazwi tena na ambayo nimeiokota mara nyingi katikati ya mawe.

Jiko la mafuta ya maji, yaani ya petroli au mafuta ya taa, ni kitu cha kale. Wazee wetu walilijua kwa jina la Primus, jiko la pampu lililobuniwa na Msweden Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Unapampu hewa ndani ya chupa, hewa inayasukuma mafuta kupitia bomba jembamba linalopita juu ya moto, joto linayageuza kuwa mvuke, na mvuke unatoka kwa nguvu kwenye tundu dogo la nozeli na kuchanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Kwa kuwa bomba huwa baridi mwanzoni, ni lazima ulipashe. Unamimina spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa cha jiko, unawasha, unasubiri mwali wa njano uanze kunywea, kisha unafungua valvu polepole hadi usikie mvumo na uone rangi ya buluu. Ukifungua mapema, mafuta yatatoka yakiwa bado maji na kuwaka hovyo. Hatua hii haina njia ya mkato, na asiye na subira nayo asinunue jiko la namna hii.

Jambo la nozeli nililijifunza kwa uchungu. Nilikuwa nimenunua jiko lililokwisha kutumika, na muuzaji alinipa nozeli moja tu, nami sikuuliza zaidi. Tulikuwa watatu, tukajaza mafuta ya taa Nanyuki, na siku ya pili jioni, tukiwa kambi ya Shipton kwenye mwinuko wa mita 4,200, jiko liliwaka mwali mrefu wa njano ambao ulilipaka sufuria letu masizi na kuyaacha maji vuguvugu kwa muda mrefu mno. Mzee mmoja mpishi wa kundi la jirani alikuja, akachuchumaa, akatazama bila kugusa kitu. "Kijana wangu," akaniambia, "huo si moto, huo ni moshi. Hebu toa nozeli tuisome." Tulipoitoa na kuimulika kwa tochi, tuliona imeandikwa 37, yaani tundu la milimita 0.37, ambalo katika jiko lile la Primus OmniFuel ni la petroli. Mafuta ya taa yanahitaji 28. Mzee yule alituchemshia maji yetu pamoja na ya wageni wake, na kesho yake tuliteremka bila kufika kilele cha Lenana, kwa sababu hatukuwa na njia ya kupika.

Ndiyo maana siku hizi nikishika jiko dukani naomba nioneshwe nozeli zote, spana yake na sindano ya kuzibulia, na ninaomba niifungue nozeli kwa mikono yangu mwenyewe pale pale. Muuzaji akikataa, naondoka.

Baada ya hapo naangalia kama moto unapunguzika. Wauzaji husifu ukali wa moto, lakini kwenye mwinuko wa mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzijoto 86 hivi, na moto uwe mkali kiasi gani, hautayafanya yawe ya moto zaidi ya hapo. Maharagwe makavu hayataiva. Yachemshe nyumbani, uyakaushe, au uyaache. Ugali na wali vinaiva, ila vinataka moto mdogo na muda mrefu, la sivyo chini vinaungua na juu ni vibichi. MSR XGK ni jiko imara sana na linafaa mno kwa anayeyeyusha theluji, lakini moto wake haukubali kutulizwa. Majiko kama OmniFuel na MSR DragonFly, yenye valvu ya pili karibu na kichwa, yananifaa zaidi mimi ninayepika chakula cha kwetu.

Kuhusu mafuta yenyewe, chaguo langu la kwanza ni mafuta ya taa. Yananuka, ni magumu kuwasha na yanatoa masizi wakati wa kupasha, lakini yakimwagika kando ya hema hayalipuki kwa cheche moja kama petroli, ambayo mvuke wake huwaka hata kwenye baridi kali. Petroli naiweka kuwa akiba ya siku ambayo mafuta ya taa yamekosekana, na dizeli ni ya dharura tu. Yoyote utakayotumia, usipike ndani ya hema lililofungwa. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na aliyechoka kwa safari hatatambua kwamba usingizi unaomchukua si wa kawaida.

Kuna wanaoniambia kuni zipo na hazina gharama. Mimea ya nyanda za juu hukua polepole sana na hukauka kama karatasi wakati wa kiangazi. Mnamo Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka kwa siku kadhaa kuanzia eneo la Whona, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, zilieleza kwamba moto ulianzia mahali wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Sitaki kuona jambo hilo likitokea juu ya Sirimon.

Kwa kiasi cha mafuta, huhesabu mililita 120 kwa mtu kwa siku pale ambapo kuna maji ya kijito, kwa hiyo watu watatu kwa siku nne tunabeba lita moja na nusu, na kiasi hicho nakiongeza maradufu kama tutayeyusha barafu. Chupa ya jiko siijazi hadi mdomoni, maana pampu inahitaji nafasi ya hewa, na mafuta nayachuja kwa kitambaa safi kabla ya kuyamimina, kwa kuwa mchanga mdogo kutoka kwenye dumu la kituoni unatosha kuziba tundu la 28. Ndani ya mfuko mdogo wa turubai naweka oringi za ziada, yaani vipete vya mpira vya kuzuia mafuta yasivuje, ngozi ya pampu, grisi kidogo, sindano mbili na nozeli zote, na usiku mmoja kabla ya safari nalifungua jiko lote barazani, taa zikiwa zimezimwa, nikitumia vidole peke yake, kama mazoezi ya kulitengeneza gizani.