Kengele ya kitanda haina miguu

Saa tisa na dakika ishirini usiku, kengele ya chumba cha mwisho kwenye korido yetu inaanza kulia. Mimi niko chumba cha tatu, mikono yote miwili imemshika bibi niliyemgeuza ubavu ili nimbadilishe pampasi. Siwezi kumwachia. Namaliza, navua glavu, nakimbia. Nikifika mlangoni, mzee ameshakaa sakafuni, mgongo kaegemeza kitandani, pajama imelowa, na mkeka ulio chini ya miguu yake bado unalia.

Safari hiyo nyonga ilipona. Nimeshaona ambazo hazikupona.

Natunza wazee Marekani, jimbo la Massachusetts, zamu ya usiku, huu mwaka wa saba. Watanzania na Wakenya tuliomo kwenye kazi hii tuko wengi, na kengele hizi tunazisikia hata tukiwa usingizini. Kwa asiyezijua: ipo pedi nyembamba inayowekwa chini ya shuka, uzito ukiondoka inalia. Upo mkeka wa sakafuni, ukikanyagwa unalia. Ipo kamba inayobanwa kwenye nguo, sumaku yake ikichomoka inalia. Vitanda vingine vya hospitali vina mizani humo humo ndani. Zote kazi yake ni kumwita mtu.

Sasa hesabu sekunde. Mzee mwenye miguu dhaifu, presha inayoshuka akisimama ghafla na dawa ya usingizi mwilini, hahitaji hata nusu dakika kuanguka. Pedi inapolia, makalio yameshaacha kitanda. Kwa hiyo mimi nikionyeshwa kengele mpya, hata iwe ya kisasa namna gani, nauliza kwanza: anayeisikia yuko hatua ngapi kutoka hapo?

Jambo hili limepimwa. Hospitalini Memphis, jimbo la Tennessee, watafiti walifuatilia wodi 16 zenye wagonjwa zaidi ya 27,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012: wodi zilizohimizwa kutumia kengele zilizitumia kwa wingi, lakini idadi ya walioanguka haikupungua kwa kiasi cha maana. Mwaka 2014 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walitoa matokeo ya pedi za kitandani na kwenye viti zilizounganishwa na vifaa vya kuwaita manesi. Nao hawakuona nafuu.

Ndiyo maana nilikasirika, na bado nina hasira, tulipotangaziwa kwamba mhudumu wa tatu wa usiku ameondolewa kwa kuwa vitanda vyote vya wazee walio hatarini vimewekewa kengele. Tukabaki wawili kwa wazee 38. Kengele mbili zikilia kwa pamoja, unachagua nani aanguke.

Na kuna madhara yasiyoandikwa kwenye fomu ya ajali. Mzee akijigeuza tu, mlio. Mtu anatokea mlangoni na kumwambia akae. Baada ya wiki chache anaacha hata kujinyoosha. Miguu inazidi kulegea, vidonda vya kulalia vinaanza. Mwongozo wa serikali ya Marekani kwa nyumba za wazee ulioanza kutumika mwaka 2017 unakiri kwamba kengele za namna hii zinaweza kuwa sawa na kumfunga mtu kamba. Mimi nimewaona waliofungwa hivyo.

Yule mzee wa chumba cha mwisho tulimsaidia kwa njia nyingine kabisa. Nesi mmoja aliuliza: kwa nini anaamka saa ile ile kila usiku? Akafungua kadi ya dawa, akakuta dawa ya kukojosha inatolewa jioni. Daktari akaihamishia asubuhi. Nami saa tisa kamili naingia na chupa ya mkojo kabla hajahangaika. Mkeka wake sasa unaweza kukaa wiki nzima haujalia.

Kwa wanaotangatanga nasema tofauti. Mtu mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aliye na miguu mizima anachukua dakika kadhaa kufika barabarani, na kengele ya mlangoni inakupa muda wa kumfuata. Huku kwetu wakati wa baridi, kutoka na kanzu ya kulalia ni kifo. Japani, mwaka 2023 pekee, polisi walipokea taarifa za watu zaidi ya 19,000 wenye dimenshia waliopotea. Hapo kengele naitaka, tena yenye sauti.

Naitaka pia nyumbani Tanga. Bibi yetu anaamka usiku kwenda kuangalia kuku aliowauza miaka ishirini iliyopita. Kwa muda mrefu mama mkubwa alilala sakafuni kando ya kitanda chake, leso imefungwa kwenye mkono wa bibi na ncha nyingine kwenye wa kwake. Alikuwa amekonda. Mwezi wa tatu nilimpa mtu aliyekuwa anasafiri mkeka wa betri, na king'ora chake mama mkubwa anakiweka kwenye mto, chumba cha pili. Kutoka pale hadi kwa bibi ni hatua sita, nilimwambia azihesabu.

Baada ya siku nne alinipigia. "Mwanangu, leo nimeamshwa na adhana. Nimelala kitandani kwangu."