Flashi Ikigoma Kutoka, Usiing'oe

Jumatatu jioni mama jirani yangu hapa Gungu, Kigoma, alibisha hodi akiwa amefumbata flashi kiganjani kama mtu aliyeokota kifaranga. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. "Mwanangu, hesabu za kikundi zimepotea," akasema. Nilijua mara moja ni hesabu zipi, maana mimi ndiye niliyemshawishi miaka miwili iliyopita aachane na kaunta buku aanze kuandika kwenye Excel. Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 28. Jumamosi ilikuwa siku ya kuvunja mzunguko na kugawana. Hisa zote, mikopo yote, faini zote za uchelewaji zilikuwa ndani ya kile kidude kisichozidi kidole gumba.

Alinisimulia taratibu. Alikwenda stesheneri moja pale Mwanga kuprinti orodha ya mgao. Kijana akaifungua, mama akaona jina limekosewa, likarekebishwa, likaseviwa, karatasi zikatoka. Kijana akabonyeza pale chini kulia ili aitoe flashi kwa usalama. Kompyuta ikakataa: kifaa kinatumika, funga programu zinazokitumia kisha ujaribu tena. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Akasema maneno ambayo nimeyasikia katika mji huu kuanzia kule stesheni ya treni mpaka Ujiji: "Haina shida mama, chomoa tu." Akaichomoa yeye mwenyewe, na taa yake ilikuwa bado inapepesa. Mama alipofika nyumbani na kuichomeka kwenye laptopi ya mwanawe, laptopi ikasema flashi haisomeki, inahitaji kufomatiwa.

Kijana simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha, na foleni ni foleni. Ninachokichukia ni hiyo "chomoa tu" yenyewe, jinsi tulivyoizoea hadi tunaiona ndiyo njia ya kawaida ya kutoa flashi, na ule ujumbe wa kompyuta tunauona kama kelele.

Ujumbe ule si kelele. Kompyuta inatwambia mambo mengi ya kupita, lakini inapokataa kuachia flashi inasema jambo la kweli kabisa: kuna programu humu ndani imefungua kitu kwenye flashi yako na haijakiachia. Nenda Kibirizi boti zinapopakia. Mpagazi yuko juu ya ubao, gunia kichwani, mguu mmoja umeshafika botini na mwingine bado. Hakuna nahodha anayefungua kamba wakati huo. Akiambiwa "ngoja, kuna mzigo," anangoja, hata kama abiria wanapiga kelele, kwa sababu anajua gunia likienda majini halirudi. Mbona kwenye flashi tunafungua kamba?

Na mzigo wa flashi unapakiwa kwa hatua mbili, jambo ambalo wengi hawalioni. Ukisevu faili, kuna maandishi yenyewe, halafu kuna rejista inayoonyesha maandishi hayo yamekaa sehemu gani. Flashi zetu nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, namna za kupanga mafaili, na mifumo hii haina daftari la pembeni la kumbukumbu kama lile la NTFS, mfumo wa diski za Windows, ambalo kompyuta hulirudia kupanga upya rejista ikiwa kazi ilikatika katikati. Kwa hiyo ukichomoa wakati rejista inaandikwa, huenda ukakuta hesabu zipo salama ndani ya flashi ila hakuna tena karatasi ya kukuelekeza ziliko. Hapo ndipo kompyuta inapokuomba uifomati. Tafadhali, usikubali. Usibonyeze chochote, usisevu chochote juu yake, itoe umpelekee mtu anayejua. Watu wengi wanaoniletea flashi "iliyokufa" wameshabonyeza kufomati na kuanza kujaza nyimbo, na hapo mara nyingi sina la kuwasaidia.

Sasa tuzungumze na wenye stesheneri, maana nyinyi ndio mnaoshika flashi za watu kutwa nzima. Nani anashikilia? Mara nyingi ni Word au Excel yenyewe: umefunga ukurasa mmoja, kumbe mwingine uko wazi nyuma ya madirisha mengine. Au umeagiza kuprinti kurasa 60 ukadhani printa imeshamaliza. Au ni programu ya muziki. Hili nimelikuta kwa macho yangu: mteja kaleta flashi yenye barua ya maombi ya kazi, kijana kaona ina nyimbo, kabonyeza wimbo mmoja usikike dukani, kalishusha dirisha lake chini, kausahau. Barua imeshaprintiwa, wimbo bado unapigwa kutoka kwenye flashi ya mteja, halafu kompyuta inaitwa mbishi. Wakati mwingine ni antivirasi inayokagua mafaili, na hiyo dawa yake ni kusubiri dakika moja au mbili. Hata lile dirisha la mafaili lililo wazi kwenye folda ya picha linaweza kushikilia, kwa kuwa linatengeneza vipicha vidogo vya kuonyesha.

Ukifunga vyote na bado inagoma, Windows ina namna ya kukutajia mshikaji kwa jina. Fungua Resource Monitor, nenda sehemu ya CPU, kwenye kisanduku cha kutafutia andika herufi ya flashi yako na nukta pacha, kwa mfano E: na itakuonyesha programu zilizofungua kitu humo. Au ingia Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, utafute tukio namba 225 la Kernel-PnP. Limeandika programu gani ilizuia flashi isitoke. Ukishaijua, ifunge kistaarabu. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uimalize kwenye Task Manager, ukiwa na uhakika hakuna kazi ya mtu ambayo haijaseviwa. Wanaotumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, wana amri iitwayo lsof.

Na ukikuta mshikaji anaitwa wscript.exe, simama hapo hapo. Hiyo ni programu ya Windows yenyewe, lakini mara nyingi inakuwa inaendesha kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa shotikati. Kinakaa ndani ya kompyuta na kuiandikia kila flashi inayochomekwa, ndiyo maana flashi haiachiwi. Mteja anaondoka nacho, anakipeleka ofisini kwake, kutoka hapo kinaenda shuleni kwa watoto. Kompyuta ilipokataa kuitoa flashi ilikuwa imekupa dalili ya ugonjwa, na wewe ukachomoa ukapokea flashi inayofuata. Hili linaniuma kuliko yote. Duka linalotunza jina lake lisafishe mashine kwanza, hata kama ni siku ya foleni ya maombi ya mikopo ya chuo.

Hujampata mshikaji? Ondoka kwenye akaunti kisha uingie upya, ujaribu kutoa. Bado? Zima kompyuta, au iwashe upya na uitoe flashi wakati skrini imezima kabla haijaanza kuwaka tena. Kuilaza usingizi tu hakutoshi, kwa sababu ikiamka inaendelea na ile ile kazi iliyoiacha. Dakika tatu zinakwisha. Najua dakika tatu dukani ni pesa, ila hazilingani na miaka miwili ya hesabu za akina mama 28.

Kuna rafiki yangu hapa Katubuka, fundi kama mimi, ambaye kila tukikutana kwenye mada hii ananipinga. Anasema amechomoa flashi bila kuaga kwa miaka mingi na hajapoteza kitu, tena Windows siku hizi haihitaji. Nitamkubalia sehemu yake. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, Microsoft iliweka utaratibu wa kuondoa haraka uwe ndio wa kawaida: kompyuta haikusanyi maandishi pembeni ili iyapeleke kwenye flashi baadaye, inayapeleka papo hapo. Kwa hiyo kama hakuna kitu kilicho wazi na taa imetulia, ukichomoa mara nyingi utakuwa salama. Haya, nimekubali. Lakini utaratibu huo hauwezi kuokoa faili ambalo Excel ipo katikati ya kuliandika. Hausaidii pia kwenye kompyuta ambayo mtu amebadilisha mpangilio ili ifanye kazi kwa kasi, wala kwenye Linux, ambayo hukusanya maandishi kwanza. Na zaidi ya yote, huyu rafiki yangu anazungumzia flashi ambayo kompyuta haijalalamika. Mimi nazungumzia iliyolalamika. Ile kompyuta ya Mwanga ilikataa mara mbili.

Umeme ukikatika ghafla madhara ni yale yale, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani bila UPS, ile betri ya kushikilia umeme, asevu mapema. Na kila mtu awe na nakala mahali pengine, hata kwa kujitumia kwenye barua pepe. Hili mama jirani nilipaswa kumwambia siku ile ile niliyomwambia aache kaunta buku. Sikumwambia.

Ndiyo maana usiku ule wa Jumatatu sikulala. Niliichomeka flashi kwenye mashine yangu bila kuiandikia chochote, nikafungua PhotoRec. Ni programu ya bure, haisomi ile rejista iliyoharibika, inapita flashi nzima ikitafuta mafaili kwa kuyatambua yalivyoanza. Kila inachokipata nilikiagiza kiende kwenye diski yangu. Mafaili yanarudi bila majina, yamepewa namba tu, na mengine yamekatika nusu. Kulikuwa na picha za harusi, mahubiri, mitihani ya mtoto ya darasa la saba. Ya Excel yalipatikana 11, maana kila unaposevu nakala ya zamani inafutwa kwenye rejista lakini inaweza kubaki pale chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilifungua moja moja. La kwanza halikufunguka. La pili halikufunguka. La sita lilifunguka likanionyesha mwaka jana. La tisa, saa nane usiku, likafunguka na majina yote 28, ila lilikuwa limeishia wiki tatu nyuma. Lile la siku ile ya stesheneri halikuwepo kabisa.

Asubuhi nilimpelekea. Alilitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye skrini kama anasoma msahafu, kisha akasema, "Wiki tatu tutazitafuta kwenye vijitabu."

Jana Jumamosi nilikaa nao chini ya mwembe, laptopi mapajani. Kila mama alileta kijitabu chake cha hisa. Mwenyekiti anaita jina, mwenye jina anasimama, anasoma mihuri ya wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mimi naandika, na mweka hazina anarudia kwa sauti ili wote wasikie. Nilikuwa nikisevu kila baada ya majina matano, kwenye laptopi na kwenye flashi mpya. Tulimaliza saa tano. Wakaja wale wenye funguo tatu za sanduku, kila mmoja akafungua kufuli yake, fedha zikahesabiwa mara mbili juu ya kanga.

Sanduku lilizidi hesabu yangu kwa shilingi 2,000. Watu wakanyamaza. Nikaanza kupanda juu tena kwenye majedwali kutafuta nilipokosea, ndipo mama mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono. "Hiyo ni faini yangu," akasema. "Nilichelewa wiki ile ya mvua, nikailipa pale pale, na faini haigongwi muhuri." Mweka hazina akakumbuka. Nikaiandika, nikasevu, nikafunga Excel, nikabonyeza kutoa flashi. Ilikubali.