Uwanja Umejaa, Debe Nusu

Juzi baada ya magharibi, barazani hapa Shela, Malindi, mzee ninayemheshimu sana alirudia yale yale kuhusu Baba, yaani Raila Odinga: "Baba aliibiwa kura, na 2027 tutaibiwa vile vile." Wote wakaitikia. Kahawa ilinishinda, nikainuka. Nimelipigia Chungwa, chama chake cha ODM, kura tangu 2007, na Oktoba 2025 tulimzika Baba bila kumuona akiapishwa rasmi kuwa rais. Uchungu huo ninao. Kwa sababu ninao, sitaki tudanganyane.

Sibishi kwamba kura huibwa. Ya 2007, hata tume ya Kriegler iliyouchunguza uchaguzi huo ilishindwa kusema nani alishinda. Ya 2017 ilifutwa na Mahakama ya Juu. Haya, hizo nimewaachia. Lakini 2022 tulipitwa kwa kura 233,211 nchi nzima, na Mombasa, ngome yetu, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakupiga kura. Hizo hakuna aliyeziiba. Zilibaki nyumbani.

Mdogo wangu anaendesha tuktuk hapa mjini. Siku ya mkutano aliacha kazi, akafunga kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye kioo cha pembeni, akarudi usiku sauti imemkauka. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2022, siku ya kura, nikamkuta stendi, kitambaa bado kinapepea, anangoja abiria.

"Kura yangu iko Garashi, kaka."

Alijiandikisha huko enzi akilima na babu. Kwenda na kurudi ni nauli, na jioni mwenye tuktuk anataka hesabu yake. Kuhamisha kura ni bure, lakini hakuna aliyepita stendi kuwauliza vijana kura zao ziko wapi. Hata mimi, nduguye, sikumuuliza.

Na kwa nini mbunge apite? Katika ngome, vita huisha kwenye mchujo. Akishapata cheti cha chama amemaliza: watu wakijitokeza elfu ishirini au elfu arobaini, kiti ni chake. Anayezihitaji zile elfu ishirini zilizolala ni mgombea urais, na yeye yuko Nairobi. Ndiyo maana tunachukua ugavana wa Kilifi, tunachukua ubunge wa Malindi, tunasherehekea hadi alfajiri, halafu urais unatuponyoka. Chama kingetoa vyeti kwa kutazama nani alileta watu wangapi kituoni mara iliyopita, mngeona wabunge wanavyobisha hodi nyumba kwa nyumba.

Mengine yapo. Kingi, aliyekuwa gavana wetu wa Kilifi, alituondokea na chama chake cha PAA akaishia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Leo vigogo wetu ni mawaziri wa Ruto, yule yule tuliyempinga, na vijana walioandamana 2024 wanatutazama. Lakini hata hayo yakitengenezwa kesho, kura ya mdogo wangu bado iko Garashi.

Nimemwambia Jumatatu tuktuk ilale. Tunaenda wote ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, kuihamisha kura yake, na hesabu ya siku hiyo nitamlipa mimi.